Kapu Lenye Maziwa

Yudith Mshana hapendwi na wauza nyanya wa soko la Same, na hilo halimnyimi usingizi. Akitokeza upande wa stendi na vikapu vyake viwili, wenye kumjua huanza kupanga mafungu upya haraka haraka, kwa sababu fungu la elfu moja lililokuwa na nyanya sita sasa lina nne, na yeye ndiye mteja pekee anayezihesabu kwa sauti.

"Bei haijapanda, mama," watamwambia.

"Kweli, bei imekaa palepale. Nyanya ndizo zilizohama."

Kisha ataanza kubishana, na akishaanza hachoki, hata upepo wa Same ukimjaza vumbi mdomoni. Alizaliwa na ubishi huo au alifundishwa, ni vigumu kusema. Kwao ni Gonja, kwenye milima ya Upare, kwa mkulima wa maharage aliyewahi kuuza fahali ili agharamie kesi ya zamu ya maji ya mfereji, akashinda, akarudi nyumbani anacheka na hana fahali. Watani wa Wapare wanazo hadithi kama hiyo tele, na huzitoa kila harusini. Yudith hazimchekeshi. Baba yake alikuwa na haki, na maji yalikuja shambani.

Aliolewa Lembeni na fundi wa reli, mtu mpole aliyemwachia nafasi yote ya kusema. Mume alipofariki, Yudith alihamia Same na mtoto wao mmoja, Loth, akapika makande akawauzia abiria stendi mpaka kijana akamaliza chuo. Loth sasa yuko Dodoma na familia yake. Mama yake amebaki Same, na watu wengi hapo hawajui hata kama ana jina jingine zaidi ya Mama Loth.

Kazi yake ni mpishi mkuu na mnunuzi wa Hosteli ya Mwangaza, inayolaza wasichana wa sekondari wanaotoka mbali. Wengine hushuka kutoka milimani, lakini wengi ni wa tambarare, watoto wa wafugaji. Fedha za chakula hutumwa na wafadhili wa ng'ambo, na mkataba unasema kwamba kila mwaka fedha hizo zitaongezwa kwa kadiri bei zilivyopanda. Haukusema bei za vitu gani. Waliouandika walidhani jambo hilo linajieleza lenyewe, na wengi wetu tungedhani hivyo hivyo.

Kulikuwa na neno moja lisiloandikwa mkatabani, ila lilisemwa mbele ya watu. Hosteli ilipofunguliwa, wafugaji walisita kuleta mabinti zao. Naisula, mama mmoja wa Kwakoa, ndiye aliyesimama akauliza watoto watakunywa nini asubuhi. Akajibiwa kwamba watakunywa maziwa. Akauliza kama ni kila asubuhi au siku ya wageni tu. Akaambiwa kila asubuhi. Basi akamleta binti yake wa kwanza, na wengine wakafuata nyuma yake. Baadaye wazazi walimchagua awe mwakilishi wao kwenye bodi ya hosteli, na mwaka wa mambo haya binti yake wa mwisho, Naanyu, alikuwa kidato cha tatu.

Kisha ukaja ule ukame uliolaza ng'ombe tambarare nzima. Maziwa yakawa adimu, nyama ikapanda, mchele ukafuata, na hata mvua iliporudi bei hazikukumbuka kushuka. Fedha za wafadhili ziliongezwa kidogo, kwa kukadiria tu, na hazikutosha. Yudith hakulia kwa mtu. Alifanya alichofundishwa na mama yake, akabana. Mchele akauhamishia Jumapili peke yake. Nyama akaiacha, akaleta dagaa. Makande yakawa chakula cha karibu kila siku, na kwa kuwa ni mkono wa Mpare uliokuwa ukiyapika, wasichana waliyala bila kununa. Maziwa ndiyo yaliyomsumbua. Kwanza aliyaongeza maji, halafu akayaweka mara mbili kwa wiki, halafu asubuhi moja wakapewa chai ya rangi, na chai ya rangi ikabaki.

Hakuna siku hata moja wasichana waliyolala na njaa. Mwenyekiti wa bodi, Mzee Eliezeri Mrutu, afisa mstaafu mwenye miwani ya fremu ya dhahabu, alimsimamisha mbele ya mkutano akamvisha kitenge na kumpa cheti cha mtumishi bora. Yudith alikitundika cheti juu ya jiko, mahali ambapo moshi haufiki. Alijivuna, na kwa nini asijivune? Wangapi wangeweza?

Mwishoni mwa mwaka wafadhili wakasema hawataki tena makadirio. Walitaka kanuni, moja, ieleweke, itumike kila mwaka. Bodi ikamwajiri kwa muda Fredrick Msuya, kijana wa uchumi aliyezaliwa Usangi na kusomea mbali, aje aseme bei za chakula cha hosteli zipimweje. Yudith alimtarajia kijana wa kukaa ofisini na kompyuta. Fredrick alifika jikoni, akasema, "Shikamoo, mama," akavuta kigoda, akaanza kumenya vitunguu saumu huku akiuliza maswali. Alimfuata sokoni pia. Alipomwona akigombana na wauza nyanya, alicheka mpaka akatoa machozi, kisha akaomba mizani, akapima mafungu.

Alipomaliza kazi yake alirudi jikoni kabla hajaenda kwa bodi. Aliviweka mezani vikapu viwili vya Yudith.

"Mama, bei hazina kimo kimoja kama mtu. Inategemea unapima kapu gani. Hili la kwanza, tuseme ni la mwaka wa mkataba. Ndani yake kuna mchele, nyama, maziwa, maharage, mafuta. Ninauliza kapu hilo hilo, bila kubadilisha kitu, leo lingegharimu kiasi gani. Hili la pili ni la sasa. Lina mahindi, maharage, dagaa, majani ya chai. Ninauliza vitu hivi leo ni kiasi gani, na wakati ule vingekuwa kiasi gani. Zote mbili ni kanuni halali. Vitabu vinazikubali."

"Na majibu yake?"

"Kapu la zamani linasema bei zimepanda karibu nusu. Kapu la sasa linasema zimepanda kidogo tu, kama shilingi kumi kwenye kila mia."

Yudith alicheka. Alidhani kijana amekosea hesabu, akamwambia arudie. Fredrick alirudia taratibu, kitu kwa kitu, na jibu halikubadilika.

"Na maziwa? Maziwa yamepanda mara mbili."

"Kwenye kapu la pili maziwa hayamo, mama. Hata yafike bei ya petroli, kapu hili haliwezi kujua."

"Nani ameyatoa?"

Fredrick alivuta bakuli la vitunguu, akaanza kumenya. Yudith aliketi. Kila alipobana, alikuwa akikitoa kapuni kile kilichopanda na kuweka kile ambacho hakikupanda, na sasa kapu lilikuwa likitoa ushahidi kwamba hakuna kilichotokea. Ilimuuma kuliko alivyoweza kusema.

"Lakini nisikupotoshe," Fredrick alisema. "Kapu la zamani nalo hutia chumvi. Watu hubadilika. Mtu akiacha mafuta ya alizeti akahamia ya mawese kwa kupenda mwenyewe, hakuumia."

"Na akihama kwa kukosa?"

"Kanuni haijui tofauti. Anayeichagua ndiye anayepaswa kujua."

Siku chache baadaye, shule zikiwa zimefunguliwa, Naisula alifika hosteli kumletea Naanyu viatu. Ilikuwa saa ya kifungua kinywa. Alisimama kwenye mlango wa bwalo akatazama vikombe, mstari mzima wa vikombe vyenye chai nyekundu. Yudith alimwendea akamwamkia kwa Kimaasai, "Takwenya," na mama yule, ambaye hajapata kuiacha salamu ikianguka chini, hakuitikia.

"Mama Loth, maziwa yako wapi?"

"Yamepanda bei, dada yangu."

"Najua yamepanda. Mimi ninayauza. Nilidhani nanyi mnayanunua."

Yudith alianza kujitetea. Alitaja ukame, alitaja fedha ndogo, alitaja kwamba hakuna mtoto aliyelala njaa. Alijisikia akisema kwa ukali, kama anavyosema na wauza nyanya, na akajua kwamba safari hii yeye ndiye mwenye fungu lililopungua.

Naisula alimsikiliza hadi mwisho. "Baba yake Naanyu hakutaka asome," alisema. "Nilimshinda kwa neno la maziwa. Nilimwambia, huko anakunywa kama nyumbani. Sasa akisikia hii chai, mimi nitamshinda kwa neno gani? Muhula huu ukiisha bila maziwa, sina tena la kusema. Atakaa nyumbani."

Hakupiga kelele. Alimpa binti yake viatu, akafunga shuka yake vizuri, akaondoka. Yudith alirudi jikoni, akalitazama jina lake kwenye cheti, akakishusha na kukiweka nyuma ya gunia la chumvi.

Kikao cha bodi kilifanyika wiki hiyo hiyo. Naisula aliketi upande wa wazazi. Yudith aliitwa kama mtu wa jikoni, akapewa kiti karibu na mlango. Fredrick alieleza kanuni zote mbili kwa haki, kila moja na ubora wake na ubovu wake. Kabla hajamaliza, Mzee Eliezeri akawa anaitikia kwa kichwa, ameridhika.

"Kapu la sasa," mwenyekiti alisema. "Linaonyesha hali halisi. Wafadhili wanataka hali halisi. Na linaonyesha kazi nzuri ya Mama Loth, aliyetuweka mahali ambapo mfumuko wa bei haututishi."

"Mwenyekiti, naomba niseme," Yudith alisema.

"Sema, mama, kwa kifupi."

"Kwa kifupi siwezi. Mfumuko umenitisha sana. Nimekimbia. Nimekimbia kutoka kwenye nyama, nimekimbia kutoka kwenye mchele, nimekimbia kutoka kwenye maziwa, na sasa mnapima mahali nilipojificha, mnasema hakuna hatari. Pimeni kule nilikotoka. Kapu lile la mwanzo ndilo tulilowaahidi wazazi. Mama huyu hapa tulimwahidi kwa midomo yetu."

Watu walijikuna. Mzee Eliezeri si mtu mbaya, tuseme ukweli. Anapenda mambo yaende bila kelele, na aliogopa kwamba wafadhili wakisikia bei zimepanda nusu watafunga mkoba na kutafuta mkoa mwingine. Alimgeukia Fredrick, akauliza kama hakuna njia ya katikati. Fredrick akasema ipo, na inaheshimika sana. Unachukua majibu yote mawili, unayazidisha, unatafuta kipeuo cha pili chake, unapata jibu lililo kati.

"Basi, kama ni kugawana maumivu," mwenyekiti alisema.

"Sigawani," Yudith alisema. "Mtoto aliyekosa maziwa hakukosa nusu."

Mwenyekiti alikunja uso. Alisema kwamba hapa si sokoni, na kwamba mpishi haji kuichagulia bodi kanuni. Wakapiga kura. Kapu la sasa lilipita, waliopinga ni Naisula na mjumbe mmoja wa milimani. Wakaandika pia kwamba orodha ya chakula ibaki kama ilivyo, na kwamba ongezeko la fedha litapigiwa hesabu katikati ya mwaka kwa kutumia manunuzi ya muhula huu.

Yudith alimkuta Fredrick nje, akifuta vumbi kwenye kiti cha pikipiki yake.

"Mwanangu, hebu nieleze tena. Kapu la sasa ni lipi?"

"Ni kile hosteli inachonunua muhula huu."

"Anayenunua ni nani?"

Fredrick aliacha kufuta. Alimtazama, akaelewa, na uso ukamwiva. "Mama, usifanye hivyo. Fedha za jiko za muhula hazitafika mwisho. Watakufukuza. Na zikiisha, wasichana watakula nini?"

Swali hilo la mwisho lilimwingia. Alitembea nalo mpaka nyumbani. Maisha yake yote alikuwa amehakikisha kwamba chungu hakikauki, hata kama kilichomo ni kidogo na kibaya. Sasa alitaka kukiacha kikauke mbele ya macho ya watu, na chungu chenyewe ni cha watoto wa wenzake. Aliogopa. Asingekubali mtu yeyote amwone akiogopa, lakini aliogopa kiasi cha kushindwa kula. Alichojua ni kwamba akiendelea kubana, hosteli itabanwa hivyo hivyo milele, kwa kanuni, na yeye ndiye atakayekuwa ameifunga kamba.

Jumatatu alikwenda sokoni akanunua kapu la zamani. Alinunua mchele wa siku zote ulizokuwa ukipikwa zamani, nyama ya siku mbili, mafuta ya kutosha. Kwa akina mama wa tambarare waletao maziwa alisimama muda mrefu, akabishana nao mpaka wakachoka, kwa sababu kununua ghali hakumaanishi kununua kijinga. Kisha akalipa, akabebesha mkokoteni madumu yote. Asubuhi iliyofuata bwalo lilinukia maziwa yaliyochemshwa, na wasichana wengine walitazamana kwanza kabla ya kunyoosha vikombe. Naanyu alikunywa akarudi kwenye foleni.

Hakujificha. Alimwendea Mzee Eliezeri nyumbani kwake siku hiyo hiyo.

"Shikamoo, Mwenyekiti."

"Marahaba, Mama Loth. Kuna nini?"

"Nimevunja agizo la bodi, na nitalivunja kesho tena. Ninanunua kama tulivyonunua mwaka wa mkataba. Fedha zitaisha kabla ya muhula kuisha. Nimekuja kukuambia mapema, usije ukasema hukujua."

Mzee alidhani ni hasira za siku mbili, zitapoa. Alimjua kwa kubana. Hakuamini kwamba mkono ule unaweza kufunguka. Alimwonya, akamkaribisha chai. Yudith aliinywa, akashukuru, akaenda zake. Aliendelea hivyo wiki kwa wiki, na kila mwisho wa mwezi alirudi kwa mwenyekiti kumwambia stoo imebaki na nini. Mara ya tatu mzee hakumkaribisha chai.

Siku za mwisho wa muhula zilipokaribia, stoo ilikuwa na chakula cha wiki moja. Bodi iliitwa kwa dharura. Mzee Eliezeri aliingia na hasira zake zote zimepangwa, na wajumbe wengine hawakumtazama Yudith machoni. Iliwabidi wafungue fedha za akiba ili wasichana wamalize muhula, na kwa kuwa katikati ya mwaka ilikuwa imefika, walimwita Fredrick asome hesabu ya ongezeko kama walivyoamua wenyewe.

Fredrick alisimama.

"Kwa kapu la sasa, yaani manunuzi ya muhula huu, bei zimepanda kwa arobaini na nane kwa mia."

"Haiwezekani," mwenyekiti alisema. "Ilikuwa kumi."

"Ilikuwa kumi kwa kapu la makande, Mzee. Muhula huu kapu la sasa na kapu la zamani ni kapu moja. Kanuni zote mbili zinatoa jibu moja."

"Basi tumia ile ya kati."

"Kati ya arobaini na nane na arobaini na nane, Mwenyekiti, ni arobaini na nane."

Naisula aliinamisha kichwa akaficha mdomo kwa ukingo wa shuka. Mjumbe wa milimani hakujificha, akacheka waziwazi. Mzee Eliezeri alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Kanuni ilikuwa ya kwake, kura ilikuwa ya kwake, na maandishi yalikuwa na saini yake. Hakuwa na pa kutokea. Alisema taarifa iende kwa wafadhili kama ilivyo. Halafu akamgeukia Yudith, ambaye alikuwa kwenye kiti chake cha mlangoni na mikono mapajani.

"Umetumia fedha za watoto kucheza na bodi."

"Nimezitumia kuwalisha. Bodi ndiyo iliyokuwa ikicheza."

"Ulipewa agizo, ukalivunja. Unakubali?"

"Nililivunja. Ningelivunja tena."

"Basi kesho usije kazini."

Yudith alinyanyuka polepole, kwa sababu ya magoti, akachukua mkoba wake. Aliipenda kazi ile kuliko alivyowahi kumwambia mtu yeyote, hata Loth.

"Kesho nitakuja, Mwenyekiti," alisema. "Akina mama wa maziwa wanafika alfajiri, na mimi ndiye ninayejua kubishana nao. Anayetaka kunizuia anikute mlangoni, na aje na dumu lake."

Na kweli alikwenda. Alfajiri ya kesho yake alikuwa getini, akigombana juu ya bei. Hakuna mjumbe aliyetokea, si siku hiyo wala iliyofuata. Wafadhili waliuliza maswali mengi, wakanung'unika, mwisho wakalipa. Bodi imekaa vikao kadhaa tangu hapo, na kwenye kila kikao jambo la Mama Loth huwekwa mwisho wa ajenda, na kila mara kikao hufungwa kabla ya kulifikia. Naanyu yuko kidato cha nne.